Kuruka Kichura na Sanduku la Miraba: Adhabu za Kuchekesha Jeshini, Kwetu na Huku



Kuna jambo linanirudia kila nikikaa na wazazi wenzangu wa Kitanzania na Kikenya hapa Ohio, na kila nikivuka mto kwenda Kentucky kuwaona jamaa. Vijana wetu wanaingia jeshi la Marekani. Wengine wanafuata karo ya chuo, wengine uraia, wengine wamechoka tu na kazi za maghala. Miji mitatu ninayozunguka mimi, yaani Columbus ninakoishi, Louisville na Buffalo, kila mmoja una kituo chenye jina lake cha kupima afya na kuapisha makuruta, kwa hiyo kijana hana haja ya kusafiri mbali. Asubuhi anaaga, jioni ni mali ya serikali. Basi akishafika mafunzoni akapiga simu kulalamika kwamba kapewa adhabu ya ajabu ajabu, mzazi aliyepita JKT anaangua kicheko. "Hiyo tu? Sisi tuliruka kichura mpaka magoti yakaota sugu!" Simu inakatwa, na mzazi anaona ameshauri vema.

Nimeona nilieleze suala hili kwa urefu kidogo, kwa sababu kicheko kile kina haki yake, na kina hatari yake pia.

Tuanze nyumbani. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963, na sisi tuliomaliza kidato cha sita kabla ya 1994 tulikwenda kwa lazima. Mwaka huo utaratibu ukasitishwa, ukarudishwa 2013. Mimi nilikwenda mwaka 1991, kambi sitaitaja. Wadogo zangu msiopita huko, nikwambieni: kuruta hana jina, hana kabila, hana baba waziri. Analala hanga moja na watu mia, anakimbia mchakamchaka gizani, na kosa la mmoja ni la kombania nzima. Adhabu za kawaida kila mtu anazijua: kichura, pushapu, kugaragara matopeni, fatiki za jikoni. Hizo ni za mwili tu na hazina hadithi. Zinazosimuliwa miaka thelathini baadaye ni zile ambazo afande alizitunga papo hapo.

Mwenzetu mmoja hakutandika kitanda. Afande hakumfokea hata kidogo. Alimwambia kwa huruma kabisa kwamba godoro lile linaonekana kuumwa, alibebe. Akalibeba kichwani kutwa nzima, gwarideni, mesi, shambani, na kila akikutana na mkubwa alitakiwa asimame wima atoe taarifa: "Afande, nampeleka mgonjwa hospitali!" Na maafande wote, kama waliokubaliana, wakawa wanauliza hali ya mgonjwa. Mmoja akaagiza apewe uji. Kesho yake vitanda vya hanga letu vilinyooka kama meza ya bilionea.

Mwingine alicheka gwaride likiwa kimya. Akapelekwa nyuma ya hanga akaambiwa, cheka mpaka nikuambie basi. Dakika tano za kwanza alifurahi. Jaribuni ndugu zangu kucheka dakika ishirini bila sababu, mtaona jinsi kicheko kinavyogeuka kilio bila kupita mahali pengine popote.

Lakini ninayoipenda zaidi ni ya jamaa mmoja wa mchepuo wa fizikia na hisabati, kichwa kweli kweli, ambaye alimsahihisha afande hadharani kuhusu idadi ya watu kwenye mstari. Afande akasema vizuri, tumepata msomi. Akamwagiza ahesabu mawe yote yaliyopakwa chokaa kandokando ya barabara ya kambi. Jamaa akaenda, akarudi na jibu. Afande akalitafakari, akasema, "Umekosea. Moja umelikanyaga. Rudia." Alirudia mara tatu, na mara ya tatu akajibu bila kusita: "Afande, mawe ni mengi!" Akasamehewa.

Hiyo ya mwisho ina siasa ndani yake. Kumbukeni Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana hadi Ikulu kuipinga sheria ya kwenda JKT. Walilalamikia masharti, hasa kwamba baada ya kambi wangefanya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tangu hapo kambi ikawa mahali ambapo msomi alishushwa kwenye farasi. Afande wa darasa la saba akimwamuru daktari mtarajiwa apigie mwembe saluti, huo ni mchezo wenye maana: kwa miezi michache ngazi ya jamii imegeuzwa, aliye chini yuko juu. Tulicheka kwa kuwa tulielewa.

Ila tusijidanganye kwamba mila hii ya adhabu tuliitunga sisi. Neno "afande" lenyewe ni la Kituruki, lilitufikia kwa askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwaleta kutoka Cairo mwaka 1889 kuja kupigana na akina Abushiri pwani. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamivu Ujerumani nilikutana mara nyingi na msemo wa zama zile, "hamsa ishirini", yaani viboko ishirini na tano, ambao wazee wetu waliujua kuliko salamu ya Mjerumani. Waingereza nao: walifuta viboko kwa askari wao wenyewe mwaka 1881, kisha mwaka 1902 wakaunda King's African Rifles, na mle ndani Mwafrika akaendelea kuchapwa kama kawaida. Kwa hiyo afande anapobuni adhabu ya godoro badala ya kiboko, mimi naona ni hatua ya ustaarabu, sitanii. Ametumia akili mahali ambapo waliomtangulia walitumia ngozi ya mnyama.

Sasa tuvuke bahari. Maili kama 35 kusini-magharibi mwa Louisville kuna Fort Knox, ambayo watu wengi wanaijua kwa dhahabu. Kwa wanajeshi, hapo palikuwa nyumbani kwa vifaru. Kikosi cha vifaru cha Marekani kiliundwa tarehe 10 Julai 1940 makao yake yakiwa hapo (naam, tarehe ile ile ya JKT, miaka 23 kabla), na shule ya vifaru ikabaki hadi 2011 ilipomalizika kuhamishiwa Fort Benning, iliyo karibu na Columbus. Columbus ya Georgia, siyo hii yetu ya Ohio. Barua za watu zimepotea kwa sababu hiyo. Utani maarufu wa askari wa vifaru ni huu: mgeni anapewa nyundo na chaki, anaambiwa apande juu ya kifaru agonge chuma inchi kwa inchi, na kila atakaposikia mlio hafifu achore alama, kwa maana hapo chuma kimelegea. Mtoto wa watu atagonga saa nzima juani, wenzake wamekaa kivulini wakinywa soda, mpaka sajini apite aulize kulikoni.

Kuna na safari za kutafuta kisichokuwepo. Kuruta anatumwa stoo akalete sanduku la miraba, ile mistari ya mraba iliyochapwa kwenye ramani. Au betri za vile vijiti vya plastiki ambavyo ukivikunja vinawaka vyenyewe, havijawahi kuhitaji betri tangu dunia iumbwe. Mtunza stoo, ambaye ameuona mchezo huu mara elfu, anamwambia masikitiko yake, imeisha asubuhi, jaribu kombania ya pili. Anazungushwa kambi nzima.

Nikaona, mbona hii tunayo? Nilikokulia, mtoto msumbufu siku ya wageni alitumwa kwa jirani: "Nenda kwa mama fulani, mwambie akupe subiri." Mtoto anajua subiri ni dawa ile chungu ya mmea, anakimbia. Jirani anasikia kitenzi, siyo dawa. Anamwambia, haya, kaa hapo. Mtoto anakaa. Anakaa. Hajui kwamba ameshapewa. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi bora kuliko sanduku la miraba, maana inasimama juu ya neno moja lenye maana mbili, wala haihitaji jeshi.

Marines nao wana yao. Vijana wa mashariki ya mto Mississippi, wakiwemo wa miji yetu hii mitatu, kwa desturi hupelekwa Parris Island, South Carolina, kisiwa chenye visubi wanaouma vibaya. Kuruta haruhusiwi kumpiga kisubi akiwa amesimama gwarideni. Simulizi ya zamani inasema anayethubutu kuua atamtafuta marehemu, atamchimbia kaburi na kumzika kwa heshima zote. Akishafukia anaulizwa: alikuwa dume au jike? Akijibu dume, ataambiwa tuliyemtafuta ni jike. Fukua.

Buffalo kule kwenye ufuko wa ziwa kuna makumbusho ya manowari, zikiwemo USS Little Rock na USS The Sullivans. Huwa napenda kuwapeleka wageni huko, maana ndipo mahali pazuri pa kuelezea utani mkongwe wa mabaharia, ule wa kuvuka ikweta. Baharia ambaye hajawahi kuvuka anaitwa kiluwiluwi. Siku meli inapofika kwenye mstari, mzee mmoja anavaa ndevu za katani anajiita Mfalme Neptuni, anawahukumu viluwiluwi wote: wanapakwa grisi, wananyolewa ovyo, wanatambaa kwenye taka, wanambusu tumbo baharia mnene kuliko wote. Charles Darwin alifanyiwa mambo haya mwaka 1832 akiwa kwenye Beagle. Rais Franklin Roosevelt alipita kwa Neptuni mwaka 1936. Mimi huwauliza hao wageni: sisi mstari huo unapita Nanyuki na Kayabwe, watu wanavuka na matatu zao kila siku na mbuzi juu, nani kapakwa grisi?

Haya, tumecheka. Sasa niseme ninachotaka kusema.

Wenzetu wa anthropolojia wameandika sana kuhusu utani wa makabila yetu, Wangoni na Wahehe, Wanyamwezi na Wazaramo. Utani una sheria. Ni wa pande mbili: ukinitania leo kesho zamu yangu, na siku ya msiba wewe mtani wangu ndiye utakayefika kwanza kusaidia. Jeshini upande mmoja umeondolewa. Afande anatania, kuruta hawezi kurudisha. Kwa hiyo kitu kingine lazima kishike nafasi ya ule upande uliokosekana, la sivyo huo si utani tena. Nikizipima zile zetu za 1991 naona tulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, ziliangukia wote. Leo godoro lako, kesho langu. Cha pili, adhabu iliendana na kosa, hata kama kwa njia ya kichekesho. Cha tatu sikukijua mpaka nilipokwenda Buffalo.

Nilikuwa nazungumza na kikundi cha Wakongo, watu wa Kivu, na nikasimulia habari ya godoro. Wengi walicheka. Mwanamume mmoja wa makamo hakucheka. Baadaye akanifuata tukiwa tunakunja viti, akaniambia yeye alikuwa kadogo, wale watoto waliochukuliwa na majeshi ya Laurent Kabila mwaka 1996. Alisema kwa upole tu: "Profesa, ninyi mulijua siku ya kurudia nyumbani. Sisi hatukujua." Hakuongeza neno. Kwa kweli nusu ya kicheko chetu cha JKT ilitokana na kalenda iliyochorwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa hanga.

Sasa chukueni vitu hivyo vitatu mwende navyo kwa kijana Danny Chen. Alizaliwa New York, wazazi wahamiaji kutoka China, akajiunga na jeshi mwaka 2011 akapelekwa Afghanistan. Katika kikosi chake Mchina alikuwa peke yake. Alifanyiwa mambo ambayo ukiyasimulia nusu nusu yanafanana na yetu: avae kofia ngumu ya kijani, awape wenzake amri kwa Kichina ambacho hakuna aliyekijua. Siku moja, kwa kosa la kutozima mashine ya maji moto, aliburutwa juu ya kokoto. Alitambazwa huku akirushiwa mawe. Tarehe 3 Oktoba 2011 akajiua kwa bunduki akiwa lindoni. Alikuwa na miaka 19. Wanajeshi wanane walishtakiwa. Mmoja wao alifungwa siku 30.

Hebu ifikirieni ile amri ya Kichina. Kati ya 2008 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango maalumu wa kuandikisha wageni wasio na ukazi wa kudumu kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Vijana wetu kadhaa walipita mlango huo. Kijana wa aina hiyo akiambiwa apaze sauti "Mguu pande! Mguu sawa!" mbele ya watu wasiojua maana yake ili wamcheke, mzazi aliye Louisville atasikia kichekesho. Mimi nauliza swali moja: na wengine kesho yake waliambiwa waseme nini? Kama jibu ni hakuna, basi huo si mchezo wa wote. Ni wa mmoja.

Jirani zetu wa Michigan wana huzuni yao. Raheel Siddiqui, Mwislamu wa miaka 20 mwenye asili ya Pakistan, alikufa Parris Island Machi 2016 kwa kuanguka kutoka ghorofa ya tatu, muda mfupi baada ya mkufunzi kumzaba makofi. Uchunguzi ukafumbua kwamba mkufunzi huyo huyo aliwahi kumwingiza kuruta mwingine Mwislamu ndani ya mashine ya kukaushia nguo akaiwasha. Novemba 2017 alihukumiwa miaka 10 jela. Nina hakika kabisa yupo mtu aliyeiona ile mashine ikizunguka akacheka.

Lakini vigezo vyangu vitatu havitoshi, nikiri. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, hapo hapo Parris Island, Sajini Matthew McKeon aliona platuni yake imelegea nidhamu, akaitembeza nzima ndani ya mto wa maji ya bahari uitwao Ribbon Creek. Wote walikwenda, hakubaguliwa mtu. Yeye mwenyewe alitangulia mbele majini. Wengi wao walibakiza wiki chache tu wamalize. Sita walizama wakafa. Hakuna mkubwa wake aliyejua kwamba wako huko, na yeye alikuwa amekunywa. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye orodha yangu: je, anayeadhibu angethubutu kufanya hivyo mkubwa wake akiangalia? Afande wetu wa godoro alifanya mchana kweupe, na kamanda wa kambi ndiye aliyeagiza uji.

Kwa wazazi basi, mambo ya kujua. Kanuni ya jeshi la nchi kavu la Marekani, namba 600-20, inaruhusu kumrekebisha askari kwa mazoezi au kazi ya ziada, ila inataka zoezi lihusiane na kosa lenyewe. Kumdhalilisha mgeni ili "akaribishwe" ni marufuku, na kusema kwamba yeye mwenyewe alikubali si utetezi. Kwa hiyo pushapu za kuchelewa, mwambieni akaze. Nyundo na chaki, cheka naye, na umfundishe ya subiri akawatumie wenzake. Kijana anapokuwa peke yake kila siku, au anapoguswa dini, ngozi au lafudhi, au mambo yanapofanyika usiku tu, hapo nyamaza kwanza umsikilize mpaka mwisho.

Anaweza kwenda kwa kasisi wa kambi, ambaye anahudumia wa dini zote na hawajibiki kumwambia mtu alichoambiwa. Anaweza kwenda kwa Inspekta Jenerali. Anaweza kumwandikia mbunge, na sheria ya mwaka 1988 inakataza mkubwa yeyote kumzuia askari kuwasiliana na mbunge au Inspekta Jenerali, au kumlipizia kisasi kwa kufanya hivyo. Na ninyi wazazi mlio Columbus, Louisville na Buffalo mnaweza kupiga simu ofisi ya mbunge wa eneo lenu wenyewe. Kila ofisi ya mbunge ina mtu wa kushughulikia maombi ya wananchi, na ya wanajeshi yakiwemo. Kwa kawaida wataomba kijana asaini fomu ya kuruhusu faili lake lifunguliwe, kwa hiyo azungumzieni hilo mapema, kabla hajapanda basi, wakati simu bado iko mkononi mwake.